Hakuna pa Kuegesha

Kaka yangu Normand Gagnon hajawahi kufika mahali kwa wakati. Hufika mapema, mapema ya kukera, ili apate pa kuegesha gari. Harusi ikiwa saa nane mchana, saa sita na nusu yeye yuko nje ya kanisa, amekaa ndani ya gari na suti yake, anatafuna sandwichi. Msibani vivyo hivyo. Siku tuliyomzika mama, tulimkuta makaburini kabla ya wachimba kaburi. Mkewe, Denise, ameshachoka kubishana naye. Mimi sijachoka, maana ni mdogo wake wa pekee, na kubishana naye ndiyo haki niliyozaliwa nayo.

Kazi yake ni kusambaza mafuta ya kupashia nyumba joto hapa mjini kwetu Lewiston. Kwenye baridi ya Januari watu wakiliona lori lake linakata kona, wanafurahi kuliko wakimwona padri. Shuleni alikuwa kichwa cha hesabu, si utani, lakini chuo hakwenda. Kwa nini hakwenda nitalisema likifika mahali pake. Yeye mwenyewe hakulisema kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwenye ukoo wetu kuna msemo. Ukimuuliza mtu kwa nini hakuomba ile nafasi ya usimamizi kazini, anakunja mabega: "Aa, hakuna pa kuegesha." Kwa nini hukumfuata yule dada uliyekuwa unamtazama wakati wa ngoma? "Hakuna pa kuegesha." Watu wanacheka, yanaisha. Watoto wetu wameukuta msemo huo nyumbani kama walivyozikuta sahani, na hakuna aliyewahi kuuliza umetoka wapi.

Sasa Normand ana mtoto mmoja tu, Simone, wa miaka kumi na saba, na kichwa cha baba yake kimehamia kwake chote. Walimu walisema ajaribu vyuo vikubwa, vile vya kale, ambavyo kwa kila watoto mia wanaobisha hodi wanafunguliwa wachache. Na vyuo hivi vina desturi yao. Wakati wa vuli mtoto anaweza kukiambia chuo kimoja: mkinichukua nakuja, sitatazama pengine. Anayetoa ahadi hiyo hupata nafasi nzuri zaidi. Yaani ni posa, na posa haipelekwi nyumba tatu. Kwa hiyo likizo ya Aprili, familia nzima nzima zinapanda magari kwenda kutazama vyuo na kuvilinganisha, ili mtoto ajue atapeleka posa wapi. Akikosea, amejifungia mlango mwenyewe.

Normand alichagua vitatu: Aldersey, Corwin na Penhallow. Denise ni muuguzi, alikuwa na zamu. Gari lao halina joto, la kwangu linalo, na mimi napika kwenye shule ya msingi, likizo yao ndiyo likizo yangu. Ndivyo nilivyojikuta nyuma ya gari langu mwenyewe, magoti yamegusa kidevu, kaka akiendesha na Simone mbele akitoa amri.

"Baba, tuelewane kabla hatujafika. Usiulize maswali."

"Hata moja?"

"Hata nusu. Usimtajie mtu alama zangu. Na usinunue nguo ya chuo chochote. Mtu akivaa nguo ya chuo kabla hajakubaliwa, hakubaliwi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Ndiyo maana nakwambia, Baba."

"Na kupumua je?" nikauliza kutoka nyuma. "Anaruhusiwa?"

"Polepole," Simone akasema.

Aldersey iko katikati ya jiji. Matofali mekundu, uzio wa chuma mweusi, na lango kubwa mbele ya barabara ambalo watalii hulipiga picha kama ni bibi harusi. Tulifika mapema mno. Normand alipata nafasi kwenye maegesho ya ghorofa, akazima injini, akatabasamu peke yake. Halafu, kabla hatujaingia, akasimama mbele ya lile lango, mikono mifukoni, akalitazama mpaka Simone akaanza kumvuta kwa mkono. Mimi nilijua anachokitazama. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kwenye matembezi haya kuna mwanafunzi anayewaongoza wageni huku akitembea kinyumenyume, uso kwenu, mgongo anakokwenda. Ndiyo heshima yao. Wa Aldersey alikuwa kijana mrefu mwenye miwani. "Mkiona nakaribia kugonga kitu, mniambie," akasema, na wazazi wakacheka. Akatuonyesha maktaba ambayo hatukuruhusiwa kuingia. Akatuonyesha simba wa shaba ambaye pua yake imeng'aa kwa kusuguliwa na watu wanaotaka bahati. Wanafunzi wenyewe hawamgusi. Normand akamsugua kwa mikono miwili kama anamwosha. Halafu kijana akasimama, akashusha sauti: "Mnajua, kinachotutofautisha na vyuo vingine ni watu."

Nikatazama hao watu. Walikuwa wanapita haraka, vichwa chini, kila mmoja kama ameacha sufuria jikoni. Hakuna aliyetuona. Nilimsalimia msichana mmoja, akageuka nyuma kuona ninamsalimia nani.

Mkono wa Normand ukapanda juu. Simone akafumba macho.

"Samahani, kijana. Jengo hili mnalipasha joto kwa mafuta au kwa mvuke?"

"Eh," kijana akasema. "Sijawahi kuulizwa hilo."

Tulipotoka, Normand akasema anakwenda msalani, akarudi amevaa kofia nyekundu yenye jina la Aldersey mbele. Simone alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Baba! Nilikwambia nini?"

"Nguo ulisema. Hii ni kofia."

Tukala mikate yetu ya nyama kwenye benchi, kindi wawili wanene wakitudai chao. Normand akajifuta mdomo. "Haya. Umeonaje?"

"Sijui. Pako sawa."

"Pako sawa? Mahali pana miaka zaidi ya mia tatu, unasema pako sawa?"

"Sijahisi kitu, Baba."

"Kuhisi? Unataka kuhisi nini? Mimi mteja akinunua boila la kupashia nyumba joto simwambii ahisi. Namwambia atazame ukubwa wa nyumba."

"Mimi siendi kuishi ndani ya boila."

Hapo nilikuwa upande wa kaka, na niko naye mpaka leo. Watoto hawa wamefundishwa kwamba moyo utapiga kengele wakifika mahali pao. Kiongozi akivaa viatu vibaya, chuo kizima kimekosa. Mvua ikinyesha, chuo kimekosa. Nilimsikia mama mmoja pale akimwambia mumewe kwamba mtoto wao amekataa chuo fulani kwa sababu ya zulia la mapokezi. Zulia! Sisi tulichaguliwa maisha na baridi, na kiwanda cha viatu, na basi lililopita karibu na nyumbani. Nilitaka kumtikisa Simone mpaka meno yagongane. Lakini nilipomtazama usoni, nikaona si kiburi. Alikuwa anahangaika. Alikuwa anasubiri kengele ilie, na hailii, na anaogopa tatizo ni yeye.

Kesho yake ilikuwa Corwin. Corwin ni mawe matupu: minara, madirisha ya vioo vya rangi, milango mizito ya kuingilia wafalme. Kiongozi wa hapo, msichana mwenye sauti ya kengele, alituambia bila aibu kwamba ngazi zile zilichongwa zikiwa tayari zimebonyea katikati, ili zionekane zimekanyagwa karne na karne. Nikamnong'oneza Normand kwamba na mimi nina ngazi za namna hiyo nyumbani, na sikumlipa fundi. Hata akacheka.

Hakucheka muda mrefu. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na kaka yangu, kwa akili zake zote za hesabu, alikuwa ameivaa ile kofia nyekundu ya Aldersey. Ndani ya Corwin! Aldersey na Corwin ni mahasimu, wana mechi yao ya kila Novemba, na ukoo mzima huweza kugawanyika mezani kwa ajili yake. Mtoto wa miaka mitano wa huku anajua. Normand naye anajua, mechi huiangalia. Alisahau tu, kwa sababu kwake kofia ni kitu cha kuzuia mvua.

"Naona leo tuna mgeni kutoka upande wa giza," msichana akasema, akimwonyesha kidole. "Jamani, tumkaribisheje?"

"Buuuu!" wakaitikia wote, wazazi kwa watoto, wakicheka.

Ulikuwa utani, na utani mzuri. Mtu mwingine angeivua, akapiga goti, akaomba radhi kwa mbwembwe, yakaisha. Normand akawa mwekundu kuliko kofia. "Samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Samahani sana. Ni mvua." Akaivua, akaikunja, akaiingiza ndani ya koti kama kitu cha wizi. Watu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Simone akahamia upande wa pili wa kundi. Kwa muda wote uliobaki, ungemwona usingejua amekuja na sisi.

Na bado hayakutosha. Baada ya matembezi wakawaweka vijana ndani ya chumba chenye picha za wazee wenye ndevu, wakaambiwa wajitambulishe: jina, unatoka wapi, na kiangazi kilichopita ulifanya nini. Wazazi tulipewa viti nyuma. Mvulana mmoja alikuwa amepima matumbawe baharini huko Belize. Mwingine ameanzisha shirika la kupeleka darubini kwenye shule maskini. Msichana mmoja alikuwa amemsaidia profesa, sijui na seli za nini. Zamu ya Simone ikafika.

"Naitwa Simone Gagnon. Natoka Lewiston. Niliuza aiskrimu."

Wakatikisa vichwa kuafiki. Walitikisa kwa wema, ndicho kilichoniuma. Mwendesha kikao akasema, "Safi sana! Kazi hiyo inafundisha mengi," akahamia kwa anayefuata. Nilimwona Simone akitazama mikono yake. Na msichana yule mwenye sauti ya kengele akatuaga mlangoni: "Kumbukeni, kinachotutofautisha sisi ni watu."

"Huyo simba wenu mmemweka wapi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshakasirika. Hakunielewa, wala sikujali.

Njiani kwenda Penhallow, siku iliyofuata, Simone alikuwa amegeuzia uso dirishani kwa maili nyingi. Normand alijaribu.

"Mabweni ya Corwin ni mazuri kuliko ya Aldersey."

Kimya.

"Ila Aldersey wana treni mlangoni. Corwin usiku utatembea."

Kimya.

"Simone, nasema nawe. Vuli si mbali. Lazima tujue ahadi inakwenda wapi."

"Tujue sisi? Ni wewe unayekwenda?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Maana unauliza maswali, unasugua simba, unanunua kofia. Labda uombe wewe, Baba."

Mtu mzima aliyevunja sheria zote anapigwa wapi na mtoto wake kama si hapo? Niliona shingo ya kaka ikikaza. Akaongeza mwendo wa vifuta kioo, ingawa mvua ilikuwa ile ile.

Penhallow iko milimani. Nyumba nyeupe za mbao kuzunguka uwanja mmoja mkubwa, mnara wa kengele, misonobari nyuma, na marundo ya theluji chafu yaliyogoma kuyeyuka. Wanafunzi walikuwa wanapita na mabuti ya matope, na mbwa, na walikuwa wanasimama kuongea. Mmoja alitupungia mkono tukiwa bado barabarani, nikadhani amenifananisha. Maegesho yalikuwa nusu matupu. Normand alichagua nafasi ya mbele kabisa, akaingiza gari taratibu, sawasawa katikati ya mistari.

"Haya," akasema. "Tuna muda wa kutosha. Tushuke."

Simone hakufungua mkanda.

"Simone."

"Mimi sishuki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sishuki tu. Turudi nyumbani."

Nikamwona Normand akihesabu pumzi. "Nimeendesha gari siku tatu," akasema. "Nimelala kwenye vitanda vya kuvunja mgongo. Mama yako amebaki peke yake anakula maharage ya kopo. Na wewe unaniambia hushuki? Unataka nini, hebu niambie! Kule matofali hujayahisi, kule mawe hujayahisi. Nikujengee chuo cha udongo?"

"Sitaki kusimama tena mbele ya watu niwaambie nimeuza aiskrimu!" Simone alikuwa anapiga kelele. "Hujaona walivyonitazama? Walinionea huruma. Na wewe ukawaomba samahani kwa ajili ya kofia! Kofia, Baba! Hawa si watu wetu. Tutaenda kutazama majengo ya watu mpaka lini? Mimi nitasoma hapo hapo karibu na nyumbani, yaishe." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta, halafu akacheka kidogo, cheko baya. "Hata hivyo, hakuna pa kuegesha."

Tulikuwa tumeegesha. Kulia kwetu nafasi tupu, kushoto nafasi tupu. Injini ilikuwa inanguruma, vifuta kioo vinakwenda na kurudi. Normand alishika usukani kwa mikono miwili. Sijawahi kumwogopa kaka yangu, lakini hapo nilitamani niwe nimebaki nyumbani.

Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akatoa ile kofia nyekundu ndani ya koti, akaikunjua, akaivaa.

"Basi nakwenda mimi," akasema.

Akashuka, akafunga mlango bila kuubamiza, akaenda zake kwenye nyumba nyeupe ambako watu walikuwa wanakusanyika.

Simone akageuka kunitazama. "Amekwenda kweli?"

"Amekwenda."

"Na kofia ile?"

"Na kofia ile."

"Shangazi, huyu mtu ana nini?"

Nimezaliwa na mdomo mwepesi, na siku tatu nilikuwa nimeubana mpaka taya zinauma. Nikaona liwalo na liwe.

"Unajua ule msemo ulioutaja sasa hivi umetoka wapi?"

"Upi? Wa kuegesha? Si utani tu."

"Baba yako akiwa na umri wako, Sista Alphonsine, aliyekuwa anawafundisha hesabu, alikuja nyumbani kumwambia babu yako Armand ampeleke mtoto akaione Aldersey. Babu hakuwahi kumkatalia sista kitu. Akavaa suti ya kanisani. Tukapanda pikapu watu watatu, baba yako dirishani, mimi katikati, kwa sababu nililia mpaka wakanichukua. Babu alifanya kazi kiwanda cha viatu tangu akiwa na miaka kumi na minne, na hakuwahi kumwogopa mtu mle ndani. Tulipofika mbele ya lile lango, akapunguza mwendo. Akatazama. Akalizunguka eneo lote, tukarudi langoni. Akazunguka tena. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, mimi nilikuwa nimemwegemea, nililisikia."

Simone akaegemeza kidevu juu ya mgongo wa kiti.

"Mara ya tatu, gari likatoka mbele yetu, pale pale langoni. Nafasi tupu, ingeweza kuingia hata lori. Nikasema, 'Baba, pale.' Akaitazama ile nafasi. Akasema, 'Hakuna pa kuegesha.' Akakanyaga mafuta, tukarudi nyumbani. Baba yako hakufungua mdomo njia nzima. Hakupeleka maombi Aldersey, wala popote. Kiangazi kile kile akaanza kuvuta mpira wa mafuta."

"Na babu?"

"Babu aliwaambia watu kijiweni kwamba tulikwenda, ila mjini kule hakuna pa kuegesha. Wakacheka. Naye akacheka. Ndivyo ulivyoanza."

"Na ninyi mkaendelea kucheka miaka yote hiyo?"

"Tungefanya nini? Mzee alikuwa ametuona tukimwona."

Akageukia dirisha. Nikadhani analia, kumbe amekasirika. "Kwa nini hakuniambia? Siku tatu nimemsema vibaya. Angeniambia!"

"Angekuambia ungeingia kwa kumwonea huruma. Wewe mwenyewe umeshaonja huruma jana. Tamu?"

Kabla sijaongeza la kuniharibia, kundi likatokea pembeni ya mnara wa kengele. Mbele kabisa kiongozi, kijana mfupi mwenye buti za matope, anakuja kinyumenyume. Nyuma yake wazazi na watoto wao na miavuli, na kati yao kofia moja nyekundu. Hakuna aliyemzomea, au kama walimzomea, ilishapita. Kijana alikuwa anakaribia rundo la theluji bila kuliona, na Normand alikuwa anampungia: simama, simama! Kijana akageuka, akaruka pembeni, watu wakacheka, na kaka yangu akacheka nao. Halafu mkono wake ukapanda juu.

"Mungu wangu," Simone akasema. "Anauliza swali."

"Mwache."

"Atauliza habari za boila, Shangazi!"

"Bila shaka."

Akafungua mkanda. Akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kumzuia."

Akakimbia kwenye matope na viatu vyake vya kitambaa. Mimi nilibaki, magoti yangu hayapendi milima. Niliona akifika, akiukamata mkono wa baba yake na kuushusha. Niliona kijana wa buti akimwambia kitu, na Simone akijibu, na mama mmoja pembeni akimwuliza kitu, na Simone akionyesha kwa vidole ukubwa wa kijiko cha aiskrimu, nadhani, au ukubwa wa kitu kingine, sijui. Wakaondoka wote kuelekea kwenye misonobari. Kabla hawajapotea, mkono mmoja ukapanda tena juu katikati ya kundi, na haukuwa wa Normand.

Walirudi wamelowa. Normand akakaa kwenye usukani, Simone akafunga mkanda. Kaka alikuwa anasita kuuliza, nikamwona anavyosita, mtu mzima anamwogopa mtoto wa kumzaa. Mwisho akaikunja kofia mapajani.

"Haya. Umeonaje?"

Simone akavuta pumzi. "Bwalo lao linanuka kabichi. Huyo kijana anaongea mpaka kichwa kinauma. Ile kengele ikilia kila saa, nitakuwa kichaa kabla ya Krismasi. Na yeye pia kasema kinachowatofautisha ni watu."

Normand akalala nyuma kwenye kiti. Alikuwa amechoka, na safari hii hakujali kama inaonekana. "Basi tena," akasema. "Nimeshindwa. Siku tatu, Simone. Sijui nikufanyie nini tena."

"Lakini pa kuegesha papo, Baba."

Nikaona macho ya Normand kwenye kioo cha kati, yananitafuta.

"Claudette."

"Nini?"

"Wewe hujui kufunga mdomo."

"Sijawahi kujua."

Akaingiza ufunguo, hakuuzungusha. Simone aliweka mkono wake juu ya kofia, pale mapajani pa baba yake, na hakuuondoa. Tulikaa vile mpaka magari mengine yote yakaondoka, mpaka mlinzi wa chuo akaja na mwavuli wake, akagonga kioo, akauliza kama tumepata shida yoyote.

"Hapana," Normand akamwambia. "Tumefika mapema tu."